Maswali ya kazi, mkataba na mafunzo yanayorudi kila wiki: Arusha na Moshi

Miaka kadhaa nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye tawi la hotelini Arusha, sa hivi nipo Moshi, na simu haijawahi kupoa. Maswali ni yale yale, anayeuliza tu ndo anabadilika. Nimeyapa namba ili nikisema "ona swali la 6" usitafute sana. Sheria kubwa hapa ni mbili, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo, zimefanyiwa marekebisho mara kadhaa ila mifupa bado ile ile.

## Ya kuanzia: mkataba

1. Sina mkataba wa maandishi. Nina haki kweli?

Unazo. Hili swali ndo linaongoza na ndo linaniuma, maana watu wanaonewa miaka mitano wakiamini kwamba bila karatasi wao si wafanyakazi. Karatasi ni jukumu la mwajiri, sheria inamtaka akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako: cheo, sehemu ya kazi, tarehe ya kuanza, masaa, mshahara. Asipokuwa nayo na mkafika kwenye mgogoro, yeye ndo anatakiwa athibitishe mlikubaliana nini. Yani uzembe wake unamrudia mwenyewe.

Ila usikae tu ukisubiri siku hiyo. Tunza meseji za miamala ya mshahara, picha ya ratiba ya shifti ubaoni, kitambulisho, grupu la wosap la kazini. Dada mmoja wa housekeeping alishinda hoja ya tarehe ya kuanza kazi kwa picha ya siku ya kwanza aliyompigia mama yake, kavaa yunifomu bado ina mikunjo ya dukani, na simu ilikuwa imehifadhi tarehe.

2. Mimi ni deiwaka tu, nalipwa jioni. Hiyo nayo ni ajira?

Mara nyingi ndiyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ina vigezo saba na kimoja tu kikitimia unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Vile vinavyowagusa watu wetu zaidi: anakupangia masaa, anakuelekeza namna ya kufanya kazi, anakupa vifaa, au umemfanyia kazi wastani wa masaa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita. Hebu fikiria mtu wa kupaki maua shambani Usa River anayeitwa kibarua mwaka wa nne. Jina kibarua halibadilishi kitu.

3. Probesheni ni muda gani, na wanaweza kunitoa bila sababu?

Kinachotakiwa ukijue ni miezi sita. Chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, zile kinga za kuachishwa kazi isivyo halali hazikuhusu. Haina maana ufukuzwe bila notisi wala bila kulipwa siku ulizofanya, hapana, hivyo vyako vipo pale pale (swali la 17).

4. Kila miezi mitatu nasaini mkataba mpya. Ni halali?

Awali mkataba wa muda maalumu uliwekwa kwa ajili ya wataalamu na watu wa kada ya menejimenti, na kanuni za 2017 zilisema wa kwao usiwe chini ya miezi 12, alafu marekebisho ya 2025 yakaongeza hali chache nyingine, kama kazi za msimu. Mpishi au mlinzi anayesainishwa vipande vya miezi mitatu mitatu ana kila sababu ya kwenda kuuliza kwa afisa kazi. Alafu kuna kitu kinaitwa matarajio ya kuongezewa: umeongezewa mara saba mfululizo, ya nane wanakwambia mkataba umeisha tu, wakati kazi ipo na kaletwa mwingine kuifanya. Hiyo inaweza kuhesabika kama kuachishwa kazi. Tunza nakala zote za zamani, hata ile iliyomwagikiwa chai.

## Hela na masaa

5. Ule mshahara wa 500,000 uliotangazwa Mei Mosi, mbona mimi sijauona?

Kwa sababu si wako, samahani. Ile iliyotangazwa na Rais Singida Mei Mosi 2025 ni kima cha chini cha watumishi wa umma, kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Sekta binafsi ina amri yake ya mishahara, na ya mwisho imeanza tarehe 1 Januari 2026, imepandisha kima cha chini kutoka wastani wa 275,060 hadi 358,322.

Sikiliza hilo neno wastani. Kila sekta ina namba yake, hoteli mbali, kilimo mbali, ulinzi mbali, kazi za nyumbani mbali, na ndani ya sekta kuna ngazi tena. Usiende kumkoromea bosi na 358,322 mkononi wakati ngazi yako ni nyingine. Tafuta jedwali la sekta yako kwenye amri yenyewe, au muulize afisa kazi wa mkoa akuoneshe mstari wako.

6. Ovataimu inahesabiwaje?

Masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, siku zisizozidi sita, masaa tisa kwa siku. Yakizidi hapo ni ovataimu, inalipwa mara moja na nusu ya saa la kawaida, na isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne. Ukifanya kazi sikukuu ya serikali au siku yako ya mapumziko ya wiki ni mara mbili. Usiku, kuanzia saa 2 mpaka saa 12 asubuhi, kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Na ukifanya masaa matano mfululizo unastahili mapumziko ya saa moja.

Chukua mfano: saa lako ni shilingi 2,000, ukazidisha masaa kumi mwezi huu, ni 30,000. Ikiwa ni usiku ongeza ile asilimia 5. Hela ndogo, ila zidisha kwa hai sizoni nzima, ule msimu wa wageni wengi wa Julai mpaka Septemba.

Kuna mtego. Wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu hawahusiki na hizi kanuni za masaa. Ndo maana sehemu nyingine kila mtu ni "supavaiza", kitchini nzima masupavaiza, nikauliza sasa nani anasimamiwa, wakacheka.

7. Kwenye salari slipu naona makato. Yapi ni halali?

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe huwezi kukatwa zaidi ya 10, inayobaki ni ya mwajiri. PAYE, yani kodi ya mshahara, inategemea kiasi unachopata. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ni asilimia 0.5 na analipa mwajiri peke yake, ukiiona kwenye slipu yako imekatwa kwako uliza. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, nayo si yako, ona swali la 12.

Muhimu kuliko yote: kuonekana kwenye slipu hakuna maana imefika. Angalia michango yako ya NSSF mwenyewe kwenye simu. Nimeona mtu kakatwa miezi kumi na nne, kule NSSF imefika miezi mitatu.

Sahani ikivunjika? Hawawezi kukata tu kimya kimya. Lazima kosa liwe lako, lifanyike ukiwa kazini, wakupe kwa maandishi sababu na mahesabu, wakusikilize, wasikate zaidi ya hasara yenyewe, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya mshahara wako.

8. Likizo zangu ni zipi?

Ya mwaka siku 28 mfululizo, na sikukuu zikiangukia humo zinahesabiwa humo humo. Ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza mshahara kamili, nusu ya pili nusu mshahara, cheti cha daktari kiwepo. Uzazi siku 84, mapacha 100, na ukirudi una masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Baba siku tatu.

## Mafunzo na vyeti

9. Nimejifunza kazi mtaani miaka kumi. Naweza kupata cheti bila kurudi darasani miaka miwili?

Unaweza, na hili naomba lisambae kuliko yote. Linaitwa urasimishaji ujuzi, linafanywa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikilipeleka kwenye programu ya taifa ya kukuza ujuzi. Unakuja na ulichonacho, unapimwa ukikifanya, panapopungua unaelekezwa, unapewa cheti cha VETA kama mtu aliyekaa darasani. Mafundi magari, waashi, maseremala, washonaji, wapishi, wahudumu wa hoteli, wote wamo.

Kijana mmoja wa mtaa wa Sakina Arusha, amekaa kitchini miaka kumi na moja, alikuwa anaogopa kwa sababu aliishia la saba na aliamini ataandikishwa mtihani wa Kiingereza. Siku ya kupimwa wakampa samaki mzima. Akamsafisha, akamtoa mfupa, akakata vipande sawa sawa, mpimaji anamuuliza huku mikono inafanya kazi: kwa nini ubao wa samaki si ule wa mboga, friji inatakiwa nyuzi ngapi, mafuta ya moto yakishika moto unafanyaje. Alichokosa ni kimoja tu, kuandika kadi ya mapishi na mahesabu ya gharama, akaelekezwa. Anasema kilichomtoa jasho ni kuvaa kofia nyeupe, hajawahi kuvaa.

Kwa hoteli na utalii chuo cha VETA kipo Njiro, Arusha, kwa Kilimanjaro nenda VETA Moshi. Uliza kama kuna awamu inayolipiwa na serikali, zinakuja kwa zamu na nafasi zinajaa haraka, kama hamna utajilipia mwenyewe.

10. Uanagenzi na intanship si kitu kimoja?

Si kimoja. Uanagenzi ni kujifunza ufundi, muda mwingi upo kazini na muda mwingine chuoni, unatoka na ujuzi ambao hukuwa nao. Intanship ni ya mhitimu, ana cheti au digrii tayari, anatafuta uzoefu. Serikali ilitoa miongozo ya yote mawili 2017. Mhitimu anaweza kujiandikisha TaESA, wakala wa huduma za ajira, wanaunganisha na waajiri.

Ambacho si chochote kati ya hivyo ni mtu kukaa mapokezi mwaka mzima, anafanya shifti kamili, anaandikwa kwenye ratiba kama wengine, alafu anaitwa intani kwa sababu halipwi. Huyo arudi swali la 2.

11. Bosi alinilipia kozi. Nikiacha kazi anaweza kukata hela yote kwenye mshahara wa mwisho?

Inategemea ulisaini nini. Kukata deni kwenye mshahara kunahitaji ukubali kwa maandishi, au sheria, makubaliano ya pamoja ya chama au mahakama iruhusu. Kama ulisaini kwamba utakaa miaka miwili la sivyo unarudisha, umejifunga, na hapo mazungumzo yatakuwa kuhusu kiasi: umekaa miezi 18 kati ya 24, mbona unadaiwa yote? Kama hukusaini kitu, hawezi kuamka tu na kalkuleta. Na mafunzo ya siku mbili ya kuzima moto si "kozi", hayo ni usalama wa kazini na gharama ni yake.

12. SDL ni nini na kwa nini wahasibu wanaipigia kelele?

Tozo ya kuendeleza ujuzi. Analipa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea, kwa asilimia ya mishahara yote. 2023 ilishushwa kutoka 4 hadi 3.5. Sehemu ya hela hiyo ndo inaendesha VETA. Kwa hiyo bosi anayelia kwamba vijana wa siku hizi hawana ujuzi, muulize kwa upole kama mwaka huu kapeleka hata mmoja Njiro, maana hela keshalipa.

13. Mwanangu anaingia kidato cha kwanza, wanasema kuna mkondo wa amali. Ni wa waliofeli?

Hapana bwana. Umeanza 2024 kwenye sera mpya ya elimu, mtoto anasoma masomo ya sekondari pamoja na fani, ili akitoka awe na kitu mkononi. Kabla ya kumpeleka, tembelea shule uone karakana kwa macho yako, na kama mashine bado zina nailoni uliza mwalimu wa fani yuko wapi.

## Chama cha wafanyakazi

14. Sikujaza fomu ya chama, mbona nakatwa?

Hiyo inaitwa ada ya uwakala. Chama kikitambuliwa kama kinawakilisha walio wengi pale kazini, kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba hata wasio wanachama wachangie, kwa sababu makubaliano ya mishahara yanawanufaisha wote. Haitakiwi kuzidi ada ya mwanachama. Kujiunga hulazimishwi, na kufukuzwa kwa sababu umejiunga ni marufuku kabisa. Hotelini na majumbani ni CHODAWU, mashambani TPAWU, viwandani na biashara TUICO.

Nami niseme ukweli, kuna matawi yamelala. Unamuona kiongozi Mei Mosi tu, kavaa fulana mpya. Dawa ni uchaguzi wa tawi, jitokezeni.

15. Tunaweza kugoma?

Mnaweza, ila kwa hatua: mgogoro uwe wa maslahi (yani mnataka kuboreshewa, kama nyongeza ya mshahara), upelekwe kusuluhishwa, siku 30 zipite, kura ipigwe na walio wengi wakubali, mwajiri apewe notisi ya masaa 48. Mkikaa tu getini Jumatatu asubuhi kwa sababu mmechoka, mnampa sababu ya kuwatoa.

## Kuachishwa kazi

16. Lo sizoni, msimu wa wageni wachache, imeingia, tumeambiwa twende nyumbani bila mshahara mpaka Juni.

Kila Aprili masika yakikolea. Likizo bila malipo ni makubaliano, si tangazo la ubaoni. Mwajiri akiwa kweli hana kazi kuna njia ya kupunguza wafanyakazi: atoe taarifa mapema, aeleze sababu, mjadiliane vigezo vya nani anabaki na nini kinalipwa, na chama kiwepo kama kipo. Watu wengi wanakubali nusu mshahara kuliko kukosa kazi na siwalaumu, ada za shule hazijui sizoni, ila andikeni: kuanzia lini, mpaka lini, nusu ipi, na kwamba kazi ni ile ile mkirudi. Bila hiyo, Juni unakuta sura mpya mapokezi.

17. Nimeachishwa. Nadai nini?

Siku ulizofanya. Likizo ambayo hukuchukua. Notisi au hela yake: mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7, baada ya hapo siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa wa siku au wiki. Kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi, kama umefika miezi 12. Ukifukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hicho hukipati. Kama waliku-ajiri Songea wakakuleta Arusha, nauli ya kurudi na mizigo. Na cheti cha utumishi, ambacho hakuna anayekiomba mpaka kazi ya pili imdai.

18. Nikienda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, natakiwa ndani ya muda gani?

Siku 30 kama unapinga kuachishwa kazi. Siku 60 kwa madai mengine, kama mishahara. Hizi namba andika ukutani. Mimi mwenyewe zamani nilizikosa, bosi wangu wa wakati huo alikuwa kila wiki ananiambia "subiri tunalimaliza kifamilia", nikasubiri kifamilia mpaka siku ya 41. Ilibidi niombe kwanza kuongezewa muda na kueleza kila siku ya kuchelewa, na "tulikuwa tunaongea" ni sababu dhaifu sana.

Ofisi za CMA zipo Arusha na Moshi. Unajaza fomu namba moja, nakala moja mpelekee mwajiri na uwe na ushahidi kapokea. Hulipii kufungua. Unaanza na usuluhishi, mkishindwana ndani ya siku 30 mnaenda kwenye uamuzi. Unaweza kwenda na mtu wa chama, wakili au mwakilishi uliyemchagua.

19. Bosi asipotokea?

Inaweza kuamuliwa bila yeye. Ila wewe usipotokea shauri lako linaweza kufutwa, kwa hiyo simu ya gari kuharibika Boma Ng'ombe haitoshi, lala mjini siku moja kabla. Asiyeridhika na uamuzi ana wiki sita kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

20. NSSF wanalipa mtu aliyekosa kazi?

Kuna fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Aliyeacha kazi mwenyewe halipati. Kumbuka hili ukifika swali la 23.

## Zile za pembeni

21. Dada wa kazi za nyumbani anahusika na haya yote?

Anahusika. Kima chake kipo kwenye amri ya mishahara, mapumziko ya wiki anayo, likizo anayo, CMA anaweza kwenda. Kina mama wananiambia "lakini anakula na kulala kwangu". Sawa mama, lakini bado ni mfanyakazi. Umri pia: chini ya miaka 14 hairuhusiwi kabisa kuajiri.

22. Sisi wapagazi wa mlimani tunaingia wapi?

Mpagazi anachukuliwa safari kwa safari, kampuni leo hii kesho ile, kwa hiyo vigezo vya swali la 2 vinabishaniwa kila mara. Ila mzigo haubishaniwi: mwisho kilo 20, na unapimwa getini. Simama karibu na mzani pale Machame asubuhi uone mchezo: begi linapimwa linasoma 20, likipita kona linaongezwa turubai na mtungi mdogo wa gesi. Ukikubali leo umemfundisha kiongozi wa safari kwamba inawezekana. Piga picha ya mzani, na ya begi kambini.

23. Nilisainishwa barua ya kuacha kazi kwa hiari. Ndo basi?

Si lazima. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, na hiyo inahesabika ni kuachishwa. Ugumu ni kuthibitisha, maana saini ni yako.

Kesi moja niliyoishika kwa karibu, watu tisa "waliacha kwa hiari" Ijumaa moja. Barua zote zimechapwa, fonti moja, nafasi ya jina imeachwa na kujazwa kwa kalamu, na zote tisa zimeandika "ninaacha kaki". Kaki, siyo kazi. Tukaziweka mezani kwa mstari, mtu wa upande wa pili akavua miwani, akaifuta, akavaa tena, akaomba tuongee nje.